Maswali ya Wasomaji: Ramani Inapotandikwa Mezani

Mwezi huu nimeweka kando maswali mengine yote. Barua nne kati ya zilizonifikia kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani zinagusa jambo moja, yaani utengano wa wanafunzi katika shule za umma, na jambo lenyewe halifai kujibiwa kwa mistari mitatu. Barua nimezifupisha bila kugeuza maana yake, na majina nimeyaacha kama waandishi walivyoomba.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Ninaishi Brooklyn, New York, mwaka wa tisa sasa, na wanangu wawili wanasoma shule ya msingi ya umma. Mtaani kwetu kuna shule mbili zilizoachana mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Moja imefurika, na wanafunzi wake wengi ni Wazungu. Nyingine, wanayosoma wanangu, ina madarasa matupu, na karibu watoto wote ni Weusi na Walatino. Yalipotolewa mapendekezo ya kuchora upya mipaka ya uandikishaji ili watoto wa baadhi ya majengo ya upande wa pili waletwe shuleni kwetu, nilihudhuria kikao cha wazazi. Mama mmoja ninayemfahamu, ambaye dirishani kwake kuna bango la kutetea maisha ya Weusi na ambaye niliandamana naye mwaka 2020, alishika kipaza sauti akasema anaunga mkono usawa kwa moyo wake wote, ila mpango huu umeharakishwa, wazazi hawakushirikishwa, na watoto si wa kufanyiwa majaribio. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Watu walimpigia makofi. Nilitoka nje bila kusema neno. Nauliza: je, sheria haikuondoa utengano zamani? Na watu wa namna hii tuwaeleweje?
Mama wa wawili, Brooklyn

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni ile mikono inayotetemeka. Ninaamini jirani yako hakuwa akiigiza. Anaamini usawa, na papo hapo anaogopa kwamba mwanawe atapoteza kitu. Mambo hayo mawili hukaa katika kifua kimoja bila kugombana mpaka siku ramani inapotandikwa mezani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lakini tukiishia kwenye tabia ya mtu mmoja hatutaelewa kwa nini kikao kama hicho kimefanyika, kwa maneno yaleyale, katika mji baada ya mji, kwa hiyo niruhusu nianze na sheria.

Tarehe 17 Mei 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa wakiwa na kauli moja chini ya Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi kunakiuka Katiba. Hukumu hiyo iliziangusha sheria za majimbo, hasa ya Kusini, zilizoagiza au kuruhusu shule za Weusi na za Wazungu ziwe mbalimbali. Utengano unaozaliwa na mpangilio wa mitaa haukutajwa, na mwanya ukabaki hapo. Mitaa yenyewe haikujipanga kwa bahati. Katika miaka ya 1930 serikali kuu ilichora ramani za miji ambamo maeneo ya Weusi yalitiwa rangi nyekundu kuwa ni hatari kukopesha, na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali ikaelekezwa kwenye vitongoji vya Wazungu. Katika mji uliopangwa hivyo, ukiagiza tu kwamba kila mtoto asome karibu na kwao, umeshawatenga watoto na wala hukuitaja rangi.

Mwaka 1974 mlango mwingine ulifungwa. Jaji mmoja wa Detroit alikuwa ameona kwamba shule za mji ule peke yake haziwezi tena kuchanganywa, kwa kuwa Wazungu wengi walikuwa wamehamia vitongojini, akaagiza mpango utakaojumuisha wilaya 53 za shule, yaani maeneo yanayoendesha shule zao yenyewe, zinazouzunguka mji. Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliukataa mpango huo katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, ikisema vitongoji haviwezi kulazimishwa ikiwa haijathibitishwa kwamba navyo vilishiriki katika ubaguzi. Thurgood Marshall, aliyewaongoza mawakili katika kesi ya Brown miaka 20 kabla na ambaye sasa alikuwa mmoja wa majaji, alikuwa miongoni mwa wale wanne waliopinga. Tangu siku hiyo mpaka wa wilaya ya shule umekuwa ukuta ambao familia yenye fedha huuvuka kwa kununua nyumba upande wa pili.

Kisha, mwaka 2007, katika shauri lililotoka Seattle na Louisville, mahakama hiyohiyo ilizizuia hata wilaya zilizotaka zenyewe kuchanganya wanafunzi zisimpangie mtoto mmojammoja shule kwa kuangalia rangi yake. Hata hivyo Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliacha nafasi: wilaya inaweza kuchora mipaka na kuchagua mahali pa kujenga shule ikiwa na lengo la kuwaleta watoto pamoja. Kwa hiyo, dada, kile kilichokuwa mezani katika kikao chenu ni jambo ambalo sheria haiwalazimishi watu kulifanya wala haiwakatazi. Limeachiwa hiari yao. Na matokeo ya hiari hiyo yanahesabika: katika mwaka wa masomo 2020 hadi 2021, kwa mujibu wa ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, zaidi ya theluthi moja ya wanafunzi wa nchi nzima, yaani takriban milioni 18.5, walisoma katika shule ambazo robo tatu au zaidi ya wanafunzi ni wa kundi moja la rangi au asili.

Sasa nije kwa jirani yako. Mji wako una historia ndefu ya jambo hili, na ni vyema uijue kabla ya kikao kijacho. Tarehe 3 Februari 1964, zaidi ya wanafunzi 460,000 wa New York hawakwenda shule, katika mgomo ulioratibiwa na Bayard Rustin, mtu yuleyule aliyeandaa maandamano makubwa ya Washington mwaka uliotangulia. Walidai mpango wa kweli wa kuchanganya shule. Mwezi uliofuata, takriban wazazi 15,000, wengi wao akina mama wa Kizungu, walivuka Daraja la Brooklyn kwa miguu kupinga mpango mdogo wa kuwahamisha baadhi ya wanafunzi. Hawakubeba mabango ya kuwatukana Weusi. Walisema wanatetea shule ya mtaa, haki ya mzazi, na usalama wa mtoto asisafirishwe mbali. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia, na ndani yake kikawekwa kifungu kinachosema kwamba kuondoa utengano hakumaanishi kuwapangia wanafunzi shule ili kurekebisha uwiano wa rangi. Wabunge wa Kusini, ambao sheria hiyo ilikuwa ikiwalenga, waliona upesi kwamba Kaskazini imejiwekea kinga, na wakalisema hadharani. Walikuwa watetezi wa dhuluma, lakini katika hilo walisema kweli.

Nimekupeleka huko kwa sababu ya lugha. Hoja ulizozisikia kikaoni ni wajukuu wa hoja zile. "Mpango umeharakishwa." "Hatukushirikishwa." "Tuziboreshe kwanza shule zote, ndipo tuzungumze habari za mipaka." Sizipuuzi zote, maofisa wa elimu mara nyingi huendesha mambo vibaya, na mzazi ana haki ya kulalamika. Kipimo changu ni kimoja. Mtu anaposema mpango huu ni mbaya, je, anao mwingine, wenye tarehe? Akisema umeharakishwa, yuko tayari utekelezwe mwaka gani? Asipokuwa na jibu, basi mchakato anaoulilia ni kizuizi tu. Ama hoja ya kuboresha kwanza, hiyo ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inasikika kuwa ya haki kabisa, na kumbe ndiyo ahadi ileile ya hukumu ya Plessy dhidi ya Ferguson ya mwaka 1896: mtatengwa, lakini mtakuwa sawa. Ahadi hiyo ilipewa muda wa miaka 58 kabla ya kesi ya Brown, na haikutimizwa.

Mifano ya karibu hukuitaja, ila nadhani unaifahamu. Mwaka 2018, upande wa Magharibi ya Juu (Upper West Side) mwa Manhattan, New York, eneo ambalo wagombea wa kihafidhina hawapati kura za maana, ilipendekezwa kwamba robo ya nafasi katika shule za kati (darasa la sita hadi la nane) ziwekwe kwa ajili ya watoto wenye alama za chini, na video ya wazazi wakifoka kikaoni ikasambaa nchi nzima. Kaunti ya Howard huko Maryland, ambayo mji wake wa Columbia ulianzishwa mwaka 1967 kwa nia ya wazi ya kuwaweka watu wa rangi na vipato mbalimbali pamoja, ilipanga mwaka 2019 kuwahamisha wanafunzi zaidi ya 7,000 ili kupunguza msongamano na kutawanya umaskini uliorundikana katika shule chache. Maelfu ya barua za pingamizi zikamiminika. Hao si watu waliochanja mbuga kutoka Alabama ya zamani. Ni wapiga kura wa upande unaojiita wa wapenda maendeleo, na wengi wao, ukiwauliza kuhusu kesi ya Brown, watakuambia ni fahari ya taifa lao.

Lakini nisiwe mkali kupita haki. Wanaopinga si wote matajiri, wala si wote Wazungu. Mwaka 2019, kati ya watoto 895 waliopewa nafasi katika shule ya sekondari ya Stuyvesant, New York, inayoingiwa kwa mtihani mmoja tu, saba ndio waliokuwa Weusi, katika mji ambao karibu asilimia 70 ya wanafunzi wa shule za umma ni Weusi na Walatino. Meya Bill de Blasio alipotaka mtihani huo ufutwe, waliosimama mstari wa mbele kuutetea walikuwa wazazi wenye asili ya Asia, wengi wao wahamiaji wa kipato cha chini waliojinyima ili kulipia masomo ya ziada ya mtihani ule. Mtu aliyepanda ngazi kwa taabu hawezi kufurahi akiambiwa ngazi inaondolewa siku anayoikaribia dari. Ninaona walikuwa na sababu ya kuhisi wamepuuzwa, ingawa ninaona pia kwamba saba kati ya 895 ni jambo ambalo mji wenye haya usingelivumilia.

Na ipo habari njema, tena hapohapo Brooklyn. Wilaya ya 15, inayoanzia Park Slope kwenye nyumba za mamilioni ya dola hadi Red Hook na Sunset Park, iliamua mwaka 2018 kuacha kuwachuja watoto kwa alama na mahudhurio katika shule zake 11 za kati, ikatumia bahati nasibu, na kuwapa kipaumbele katika asilimia 52 ya nafasi watoto wa familia za kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza na wasio na makazi ya kudumu. Mpango huo ulitanguliwa na mikutano mingi iliyowahusisha wazazi wa kila upande, wakiwamo wale ambao kwa kawaida hawafiki mikutanoni kwa sababu wako kazini usiku. Wanafunzi walianza kuchanganyika zaidi mara tu mpango ulipoanza mwaka 2019. Safari nyingine usitoke nje, dada. Msubiri jirani yako mlangoni na umwulize swali la tarehe, kwa upole, kama mtu mliyeandamana pamoja.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Boston. Tangu shuleni nilifundishwa kwamba utengano ulikuwa ugonjwa wa majimbo ya Kusini. Profesa wetu amesema leo Kaskazini ndiko kuna hali mbaya zaidi. Je, ni kweli, na Boston ilihusikaje?
Kijana mdadisi

JIBU: Profesa wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2014, ulilitaja jimbo la New York kuwa na shule zilizotengana kuliko jimbo lolote. Kusini, kinyume chake, kulipata kubadilika kwa sababu kulibanwa na mahakama: mwaka 1964, miaka kumi baada ya hukumu ya Brown, ni asilimia 2 hivi tu ya watoto Weusi wa huko waliosoma katika shule zenye Wazungu wengi, mwaka 1988 walikuwa zaidi ya asilimia 43. Mahakama ilipoanza kulegeza amri zake katika miaka ya 1990 idadi ikaporomoka, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa asilimia 23. Kwa maneno mengine, watu waliishi kwa kuchanganyika kwa muda uleule ambao mtu alikuwa akiwasimamia.

Kuhusu Boston, habari yake husimuliwa vibaya. Watu hukumbuka Septemba 1974, mabasi yaliyobeba watoto Weusi kwa amri ya mahakama yakipigwa mawe huko South Boston, na huhitimisha kwamba kosa lilikuwa la Wazungu maskini wenye chuki. Chuki ilikuwapo, na mawe yalikuwa mawe kweli. Lakini rudi nyuma miaka tisa. Mwaka 1965 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya kurekebisha uwiano wa rangi shuleni, ikasifiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Isome kwa makini: shule ilihesabiwa kuwa na kasoro ikiwa zaidi ya nusu ya wanafunzi wake hawakuwa Wazungu. Shule ya kitongoji yenye Wazungu watupu haikuwa na kasoro yoyote. Wabunge wa vitongoji vya kitajiri waliipigia kura sheria iliyowaletea sifa bila kuwagusa.

Juni 1974 Jaji W. Arthur Garrity, mkazi wa kitongoji cha Wellesley, aliamua kwamba bodi ya shule ya Boston imewatenga watoto kwa makusudi, jambo ambalo ushahidi ulilithibitisha bila shaka. Mwezi uliofuata ikaja ile hukumu ya Detroit niliyoieleza hapo juu, na vitongoji vikawa vimehakikishiwa usalama wao. Waliobaki kuchanganywa walikuwa watoto wa South Boston, Wazungu wa tabaka la wafanyakazi, na watoto Weusi wa Roxbury, maskini kwa maskini. Massachusetts, kumbuka, ndilo jimbo pekee lililompa ushindi George McGovern, mgombea wa mrengo wa kushoto, katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1972. Mpango wa hiari wa kuwapeleka baadhi ya watoto wa mjini kwenye shule za vitongoji, ulioanza mwaka 1966, upo hadi leo na umewasaidia wengi, ila tazama mwelekeo wa basi: mtoto wa mjini ndiye anayeamka gizani.

Kisiasa, hofu ya mabasi iliwaingia hata viongozi waliokuwa upande wa haki za kiraia. Joe Biden, akiwa seneta kijana wa Delaware katika miaka ya 1970, aliungana na wahafidhina kupinga amri za kuwasafirisha wanafunzi, na jambo hilo likamrudia mwezi Juni 2019 katika mdahalo wa televisheni, Kamala Harris alipomkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyepanda basi la namna hiyo huko Berkeley. Ukitaka mada ya insha yako ya mwisho, kijana wangu, anza na sheria ile ya 1965. Haijaandikwa vya kutosha.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha miaka 34, sasa ninakaa Houston kwa mwanangu. Mazungumzo haya ya kuchanganya shule hunichosha. Ni nani aliyesema mtoto Mweusi hawezi kuelewa hesabu mpaka aketi karibu na Mzungu? Wapo Weusi wenye msimamo mkali wa haki ambao walikataa jambo hili tangu zamani. Kwa nini tuwabembeleze watu wasiotutaka? Tupewe fedha na tuachiwe watoto wetu.
Mwalimu

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Barua yako ndiyo niliyoihofia kuliko zote, kwa sababu sina jibu jepesi, na kwa sababu nusu ya uliyoyasema ninakubaliana nayo.

Ni kweli kwamba upinzani wa aina hiyo una mizizi. W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi ambaye hakuna anayeweza kumwita rafiki wa ubaguzi, aliandika mwaka 1935 kwamba mtoto Mweusi hahitaji shule iliyotengwa wala iliyochanganywa. Anahitaji elimu, na ikiwa shule mchanganyiko itamdhalilisha, basi ile ya peke yake yenye walimu wanaomheshimu ni bora. Baada ya hukumu ya Brown hofu yake ilitimia kwa namna ambayo walimu kama wewe wataielewa haraka. Majimbo ya Kusini yalipoanza kuchanganya shule, yalizifunga za Weusi na kuwafukuza walimu na wakuu wao. Walimu na viongozi Weusi waliopoteza kazi katika majimbo 17 kati ya 1954 na 1965 wanakadiriwa kuwa takriban 38,000. Mtoto aliyemwacha mwalimu aliyemjua mama yake akaingia darasa ambamo hakuna aliyemtarajia kufaulu, hakuchanganywa. Alihamishwa.

Hata New York, wazazi wa Harlem waliahidiwa katika miaka ya 1960 shule mpya iliyochanganywa, na ilipofunguliwa mwaka 1966 wakaona jengo lisilo na madirisha, lenye watoto Weusi na Wapuerto Riko tu. Ndipo waliposema: ama mtuletee Wazungu mlioahidi, ama mtupe mamlaka ya kuiendesha wenyewe. Madai hayo ya mamlaka ya wazazi yalisambaa hadi Ocean Hill na Brownsville, Brooklyn, na mwaka 1968 yakaleta mgomo wa walimu uliofunga shule za mji kwa wiki kadhaa. Naye Derrick Bell, wakili aliyesimamia mamia ya kesi za kuondoa utengano, aliandika mwaka 1976 kwamba mawakili wamekuwa wakitumikia lengo la uwiano wa rangi huku wazazi waliowaajiri wakitaka kwanza shule nzuri.

Kwa hiyo, Mwalimu, kukataa kwa aliyenyimwa ni jambo tofauti kabisa na kukataa kwa anayeshikilia. Ninachoogopa ni kwamba wa pili wamejifunza kuazima maneno ya wa kwanza. Katika vikao vya siku hizi utamsikia mzazi mwenye nyumba ya thamani kubwa akisema kwa masikitiko kwamba hata Weusi wenyewe hawapendi kuchanganywa, na hapohapo mjadala unafungwa, naye anabaki na shule yake.

Halafu kuna hilo la fedha. Umesema tupewe fedha na tuachiwe watoto wetu, na ninaandika nikijua kwamba unakaa Texas. Mwaka 1968 wazazi wa wilaya ya Edgewood, San Antonio, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walishtaki kwa sababu shule zao, zinazotegemea kodi ya majengo ya mtaa maskini, zilipata fedha pungufu sana kuliko shule za wilaya tajiri ya mji huohuo. Hawakudai kuchanganywa. Walidai hasa hicho unachokidai wewe. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, tena kwa kura tano dhidi ya nne, iliwaambia kwamba Katiba ya Marekani haiwapi haki hiyo. Taasisi moja ya utafiti wa fedha za shule ilihesabu mwaka 2019 kwamba wilaya zenye wanafunzi wengi wasio Wazungu hupata jumla ya dola bilioni 23 pungufu kwa mwaka kuliko wilaya zenye Wazungu wengi, ilhali idadi ya wanafunzi inakaribiana. Fedha huwafuata watoto wa wenye sauti, na maadamu watoto hao wako jengo la peke yao, fedha nazo zitabaki huko.

Ndiyo maana matokeo ya kuchanganya, pale kulipofanywa kwa dhati, hayakutokana na kuketi karibu na Mzungu. Mwanauchumi Rucker Johnson wa Berkeley aliwafuatilia hadi utu uzima watoto waliosoma chini ya amri za mahakama, akaona kwamba watoto Weusi walisoma miaka mingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi, walifungwa gerezani kwa nadra na walikuwa na afya bora, na watoto wa Kizungu hawakudhurika. Sababu kubwa aliyoitaja ni ya kawaida sana: madarasa yalipunguzwa ukubwa na fedha kwa kila mwanafunzi ziliongezeka. Katika mtihani wa taifa wa kusoma kwa watoto wa miaka 13, pengo kati ya Weusi na Wazungu lilikuwa alama 39 mwaka 1971. Mwaka 1988, kilele cha kuchanganya shule, lilikuwa alama 18. Sisemi ni sababu moja tu iliyolipunguza. Ninasema kwamba hakuna kipindi kingine ambacho limepungua kwa kasi ile.

Nikubaliane nawe kwa jambo la mwisho. Mwaka 2016 Brooklyn ilipopitisha mipaka mipya kati ya shule mbili za umma, nambari 8 na nambari 307, wazazi wa shule ya pili, wengi wao wakazi wa nyumba za serikali zilizo karibu, hawakupiga vigelegele. Walikuwa wameijenga shule ile kwa miaka mingi, na waliogopa kwamba wageni wenye fedha wakiingia, chama cha wazazi kitakuwa chao, na wenyeji watageuka wapangaji. Hofu hiyo ni ya haki. Kuchanganya watoto bila kuchanganya madaraka, yaani nani ni mwalimu mkuu, nani anafundisha, nani anapanga bajeti, ni kurudia kosa lililofuata hukumu ya 1954. Kwa hilo sauti yako inahitajika mezani, Mwalimu, na ningesikitika ukikaa nyumbani kwa kuchoka.

SWALI: Binti yangu anaanza chekechea mwakani. Rafiki zangu wote, watu wema wanaochukia ubaguzi, wananishauri nihamie wilaya yenye "shule nzuri". Nitajuaje kama shule ya hapa ni mbaya kweli?
Baba wa binti mmoja, New Jersey

JIBU: Anza kwa kuwauliza rafiki zako kama wamewahi kuingia ndani ya shule hiyo. Wengi hawajaingia. Husoma alama kwenye tovuti za nyumba za kuuza, na alama hizo kwa kiasi kikubwa hupima kipato cha wazazi.

Nenda mwenyewe, siku ya kazi, asubuhi. Uliza walimu wamekaa hapo miaka mingapi, na ni wangapi walioondoka mwaka uliopita. Uliza chama cha wazazi hukusanya kiasi gani na kinatumika kwa nini. Kisha, hata kama utaambiwa shule imechanganyika vizuri, usiishie ukumbini. Shule nyingi huwachanganya watoto mlangoni na kuwatenga ndani, kwa madarasa ya wenye vipawa na ya hisabati ya juu. Omba kuonyeshwa darasa hilo, simama kwenye kioo cha mlango, na utazame ni watoto wa nani walioketi humo, halafu tembea hadi darasa la kawaida la umri uleule ulinganishe. Ukiona tofauti, mwandikie mwalimu mkuu umwulize watoto huchaguliwaje na nani hupewa taarifa za uchaguzi huo. Mwandikie kabla ya kujaza fomu ya uandikishaji, na umwombe akujibu kwa maandishi.